Kufundisha Sikio kwa Anayejifunza Piano: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Tatizo ni lile lile kila mara. Mtu amejifunza piano mwaka mzima, skeli ziko vidoleni, na akiwekewa karatasi ya noti anaisoma. Kisha mama mmoja anainuka kanisani na kuanzisha pambio bila kutaja ufunguo, na mpiga kinanda anaanza kupapasa: kibonye hiki siyo, kile nacho siyo. Ubeti wa pili unaingia bado anatafuta.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba hawana kipaji. Wengine hukimbilia kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha ufunguo bila vidole kubadilika, na kubaki wakipiga C tu miaka nenda rudi. Sikubaliani na uamuzi wowote kati ya hiyo miwili. Anayeweza kuimba wimbo anaoujua bila kuuharibu ana sikio la kutosha. Kinachomkwamisha ni kwamba anavituma vidole kutafuta kitu ambacho sikio halijakipata bado.

Kwa hiyo kanuni inayoongoza mwongozo huu wote ni moja: imba kwanza, bonyeza baadaye. Ukiiruka popote, hatua iliyobaki haitafanya kazi.

## Mahitaji

Piano au kinanda. Vibonye 61 vinatosha. Kama ni piano ya nyuzi, hasa ile ya ukumbi wa kanisa au shule ambayo fundi hajaigusa siku nyingi, ipime kwanza. Unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huvuruga nyuzi haraka. Piga A iliyo juu ya C ya kati, kisha ilinganishe na uma wa sauti wa Hz 440 au programu ya kupimia sauti kwenye simu. Ikiwa imeshuka sana, jifunzie kwenye kinanda cha umeme, maana sikio hujifunza kile kinachosikika, kiwe sahihi au kibovu.

Simu yenye kinasa sauti. Ndiyo itakayokuwa mwalimu wako wa kila siku, na haihitaji bando.

Spika za masikioni au sabufa. Spika ndogo ya simu haitoi besi, na hatua ya 5 nzima inategemea besi. Kwenye sabufa, punguza kitufe cha besi. Ikizidi, unasikia mtikisiko tu bila kutambua ni sauti gani.

Vikaratasi saba na kikombe. Andika do, re, mi, fa, so, la, ti, kila moja kwenye kikaratasi chake. Utaona kazi yake hatua ya 3.

Dakika 15 hadi 20 kila siku. Saa mbili za Jumamosi pekee hazilingani na robo saa ya kila siku. Sikio linachoka upesi, na likishachoka linaanza kubahatisha.

Kabla ya kuanza, rudisha transpozi kwenye 0, zima midundo inayojipiga yenyewe, na uchague sauti ya piano ya kawaida. Sauti za vayolini nyingi au ogani yenye mawimbi hutikisika zenyewe, na anayeanza hawezi kujua kama kinachotikisika ni kinanda au ni koo lake.

## Hatua ya 1: Imba sauti uliyoibonyeza

Mwanamke aanze na C ya kati, mwanamume C iliyo chini yake. Bonyeza mara moja. Sikiliza mpaka sauti ikaribie kufifia. Achia, kaa kimya kama sekunde mbili huku ukiendelea kuisikia kichwani. Kisha ivume, mdomo ukiwa umefungwa: mmm. Ukiwa bado unavuma, bonyeza tena C ile ile.

Sauti mbili zikilingana, utasikia kama zimekuwa moja. Zikipishana kidogo, utasikia mtikisiko kati yake, na kadiri zinavyokaribiana mtikisiko huo hupungua kasi mpaka ukome. Telezesha koo polepole kutoka chini kwenda juu mpaka utulie. Kisha hamia D, E, F, na baadaye vibonye vyeusi, ukivichagua bila mpangilio.

Kwa nini kimya cha sekunde mbili? Ukivuma juu ya sauti ya piano papo hapo, unaifuata tu. Kimya kinalilazimisha sikio kuishika sauti peke yake, na huko kuishika ndiko tunakokufundisha.

Tahadhari. Mwanamume akiimba oktava moja chini ya kibonye alichopiga, hajakosea. Ni sauti ile ile kwa jina. Tena, usiimbe kwa nguvu, kwani koo lililokazwa hupanda juu ya sauti inayotakiwa.

Kama hailingani kabisa, geuza zoezi. Vuma sauti yoyote inayokujia kirahisi, ishikilie, kisha itafute kwenye piano kwa kupanda au kushuka kibonye kimoja kimoja, vyeusi vikiwemo. Ukiipata, ishike hapo kwa muda, halafu sogea kibonye jirani. Wengi wanaoambiwa hawana sikio hutoka kwa njia hii.

Utajua umefaulu ukibonyeza vibonye vitano vya kubahatisha ndani ya eneo la sauti yako, na kila ukirudia kibonye huku ukivuma, hakuna mtikisiko.

## Hatua ya 2: Ipate Do

Kila wimbo una nyumbani kwake, sauti ambayo ukiifikia unahisi wimbo umetua. Katika solfa tunaiita Do. Ikiwa Do ni G, ufunguo ni G. Ukishaijua Do, sauti nyingine zote zina mahali pa kukaa. Usipoijua, una vibonye kumi na viwili visivyo na uhusiano wowote.

Chukua wimbo unaoujua vizuri, uliorekodiwa. Uache ucheze, na wakati unaendelea, vuma sauti ambayo ungependa kumalizia. Usifuate maneno wala mwimbaji. Vuma hiyo moja, uishikilie huku kordi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, zikibadilika chini yake. Kwenye baadhi ya kordi itagongana kidogo, usiiache. Kordi ya nyumbani ikirudi, utasikia inakaa mahali pake.

Sasa zima wimbo, endelea kuvuma, kisha itafute sauti hiyo kwenye piano. Ihakikishe kwa kuimba do re mi fa so fa mi re do kuanzia hapo. Ikienda vizuri bila kugongana na wimbo, umeipata.

Tahadhari mbili. Kwanza, usidhani sauti ya kwanza ya wimbo ni Do. Nyimbo nyingi huanzia So, na nyingine Mi. Hili ndilo kosa linalowaangusha watu wengi zaidi: wanasikia mwanzo, wanaupata kwenye kinanda, wanapiga kordi ya hapo hapo, na kila kitu kinaharibika. Pili, baadhi ya nyimbo, zile zenye huzuni au uzito fulani, hutua kwenye La badala ya Do. Hizo ni za maina. Ukiona do re mi haikai hata baada ya kujaribu vizuri, jaribu kuichukulia sauti unayoiona ya kumalizia kuwa La: la ti do re mi re do ti la.

Rekodi za zamani zilizotoka kwenye kanda mara nyingi ziko katikati ya vibonye viwili, kwa sababu mashine ya kanda ilikuwa ikizunguka kasi kidogo au polepole kidogo. Ukiona Do yako haikubali A wala B flati, kosa si lako. Vinanda vingi vina sehemu ya kusogeza tuning kidogo kidogo. Sogeza mpaka ikubali, na ukumbuke kuirudisha kwenye 440.

Utajua umefaulu ukiweza kuvuma Do ya nyimbo tano tofauti zikiwa bado zinacheza, na kila moja uipate kwenye piano bila kupapasa zaidi ya vibonye viwili au vitatu.

## Hatua ya 3: Jua tabia ya kila sauti

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Usiharakishe.

Kuna njia inayofundishwa sana ya kukumbuka wimbo fulani kwa kila umbali kati ya sauti mbili: umbali huu ni mwanzo wa wimbo huu, ule ni mwanzo wa wimbo ule. Siipendekezi kwa anayetaka kupiga papo hapo. Do hadi Mi ni nusu sauti nne (nusu sauti ni hatua ya kibonye kimoja hadi jirani yake, vyeusi vikiwemo). Fa hadi La ni nusu sauti nne. So hadi Ti pia ni nne. Umbali ni uleule, lakini ndani ya wimbo zinasikika tofauti kabisa, kwa sababu kila moja ina uhusiano wake na Do. Na huna nafasi ya kukumbuka wimbo mwingine wakati unausindikiza huu.

Sikio la mpigaji hutambua sauti kwa tabia yake:

- Do imetua. Haitaki kwenda popote.
- Ti iko nusu sauti moja chini ya Do, na inavutwa juu kwa nguvu. Ukiiacha hapo, inasumbua.
- Re inaegemea Do kutoka juu, kwa upole zaidi.
- Mi ina utulivu na utamu. Ndiyo inayokuambia kwamba ufunguo ni wa meja.
- Fa ina uzito wa kushukia Mi, iliyo nusu sauti tu chini yake.
- So imesimama imara, wazi, ingawa si nyumbani.
- La huelekea So, na ina kivuli cha maina ndani yake.

Maneno haya ni yangu. Ukisikia tabia nyingine, andika yako kwenye daftari, mradi uisikie kweli.

### Kutengeneza zoezi lako mwenyewe

Washa kinasa sauti. Piga kordi nne polepole: C, F, G, C. Hizi zinalieleza sikio kwamba nyumbani ni C. Kisha chomoa kikaratasi kimoja kwenye kikombe bila kuchagua. Ikiwa ni fa, piga F mara moja. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, halafu piga jibu kwa kuitembeza sauti hiyo mpaka nyumbani: fa mi re do. Rudisha kikaratasi, koroga, chomoa kingine.

Njia za kurudi nyumbani ni hizi: re do, mi re do, fa mi re do, so la ti do, la ti do, ti do. Tatu za chini zinashuka, tatu za juu zinapanda, Do haiendi popote.

Anza na vikaratasi vitatu tu, do, re na mi. Rekodi sauti kama ishirini. Zikizoeleka, ongeza fa na so, mwisho la na ti.

Kwa nini kikombe? Mkono ukichagua wenyewe, hurudia mpangilio uleule, na kesho yake unakumbuka mpangilio badala ya kusikia sauti.

Siku inayofuata sikiliza rekodi ukiwa mbali na piano, hata kwenye daladala. Sauti ikilia, itembeze nyumbani kwa kuimba, kwa sauti ya chini au kimoyomoyo, kabla jibu halijatoka. Usiseme jina kwanza kisha uimbe. Imba, na jina litajitokeza lenyewe kutokana na njia uliyopita. Ukiimba mi re do, basi ilikuwa mi.

Tahadhari. Usibaki kwenye C. Ukizoea, rekodi zoezi lilelile kwa G, kisha F, kisha E flati. Anayejifunza kwa C peke yake huishia kutambua rangi ya vibonye vya C kwenye kinanda chake na kudhani ametambua Fa.

Waimbaji wa kwaya waliokuzwa na solfa watagundua kwamba nusu ya kazi hii wameshaifanya. Kama ni mmoja wao, usione haya kutumia solfa kwenye piano. Ni nyenzo bora kuliko majina ya herufi kwa kazi hii, kwa sababu Fa hubaki na tabia ya Fa katika kila ufunguo, lakini F hubadilika.

Utajua umefaulu ukipata sauti tisa kati ya kumi, zikiwa zote saba kwenye kikombe, katika funguo tatu tofauti. Kabla ya hapo hatua ya 4 itakuchosha bure.

## Hatua ya 4: Kutoka kinywani hadi vidoleni

Sasa tunachukua wimbo mzima. Tumia ule wa siku ya kuzaliwa, ambao kila mtu anaujua na ambao huanzia So, si Do.

Uimbe kwanza kwa maneno. Simama mwishoni, vuma sauti ya mwisho: hiyo ni Do. Sasa uimbe tena kwa solfa, polepole, kipande kwa kipande:

so so la so do ti
so so la so re do
so so so mi do ti la
fa fa mi do re do

Katika mstari wa tatu, so ya tatu ni ile ya juu, oktava moja kamili kutoka ile ya pili. Ndipo wageni wa wimbo hukosa pumzi. Do ya mstari wa kwanza nayo iko juu ya so, wala siyo ya chini.

Usiguse piano mpaka uweze kuimba mistari yote minne kwa solfa bila kusita. Kisha weka Do kwenye C na upige kwa mkono wa kulia huku ukiimba majina. Vidole vikikosea, usisahihishe kwa kubonyeza jirani. Ondoa mkono, imba tena kipande hicho, halafu bonyeza. Kusahihisha kwa kupapasa ndiko kunakojenga ile tabia unayotaka kuiacha.

Ukimaliza C, fanya F, ukianzia kwenye C sasa, maana So ya F ni C. Kisha G, ukianzia D. Kisha E flati, ukianzia B flati. Mara ya kwanza kila ufunguo utahisi mgeni. Wimbo wa tatu au wa nne ukishaufanya hivi, utaona vidole vinaanza kuifuata solfa vyenyewe.

Baada ya hapo chukua mapambio unayoyajua, kisha nyimbo unazozisikia mtaani. Ukitumia YouTube, punguza kasi hadi 0.75 au 0.5, kasi inashuka bila kushusha sauti. Nakili kipande cha sekunde kumi kwa wakati mmoja, si wimbo mzima.

Utajua umefaulu ukisikia kipande kifupi usichokijua, ukakiimba kwa solfa mara moja au mbili, na ukakipiga bila kukosea zaidi ya sauti moja.

## Hatua ya 5: Sikia besi, kordi itajitambulisha

Wanaotafuta kordi kwa kusikiliza mlio mzima wa kordi hukwama, kwa sababu sauti tatu au nne zinalia pamoja na mwimbaji juu yake. Sikiliza moja tu, ile ya chini kabisa.

Vaa spika za masikioni. Weka wimbo wenye besi inayosikika vizuri. Puuza kila kitu kingine na uivume besi. Ikiwa chini sana kwa koo lako, ivume oktava moja juu. Kila inapobadilika, jiulize kwa solfa: Do? Fa? So? Mapambio mengi, na nyimbo nyingi za dansi na sebene, huzunguka kwenye kordi za 1, 4 na 5, yaani besi za Do, Fa na So. Ukizitofautisha hizi tatu kwa uhakika, una nyimbo nyingi sana mkononi.

Rudi kwenye wimbo wetu wa siku ya kuzaliwa, Do ikiwa C. Besi iko hivi: kordi ya 1 chini ya la so do, kisha 5 kwenye ti. Inabaki 5 kwa la so re, inarudi 1 kwenye do. Mstari wa tatu ni 1, kisha 4 kwenye ti la. Mstari wa mwisho: 1 kwenye mi do, 5 kwenye re, 1 kwenye do. Sikiliza kwa makini pale kwenye ti la. Ti haimo kwenye kordi ya F, kwa hiyo inagongana nayo, na mgongano huo unafunguka inaposhukia la. Piga hapo mara kadhaa polepole, kordi ya F mkono wa kushoto, ti kisha la mkono wa kulia. Ukisikia mgongano na kufunguka kwake, umeanza kuelewa kwa nini jina la mwenye sherehe huimbwa kwa hisia kuliko mistari mingine.

Hizi ndizo kordi 1, 4 na 5 za funguo utakazokutana nazo sana:

- C: C, F, G
- D: D, G, A
- E flati: E flati, A flati, B flati
- F: F, B flati, C
- G: G, C, D
- A flati: A flati, D flati, E flati
- A: A, D, E

Meja au maina? Kordi ya meja ni nusu sauti nne kutoka chini, kisha tatu. Ya maina ni tatu, kisha nne. Sikio lipe swali moja: sauti ya kati imeinuka au imezama? Piga C, E, G, kisha shusha E peke yake iwe E flati. Rudia mpaka badiliko hilo moja ulisikie hata macho yakiwa yamefungwa. Baada ya 1, 4 na 5, kordi inayofuata kwa umuhimu ni ya 6, ya maina, yenye besi ya La.

Tahadhari. Besi haibebi jina la kordi kila mara. Ukisikia Mi chini kabisa, mara nyingi ni kordi ya 1 iliyogeuzwa, yaani C yenye E chini yake, hasa besi inapotembea kutoka Do kwenda Fa. Jaribu kordi ya 1 kwanza. Ikikataa, jaribu ya 3 ya maina.

Utajua umefaulu ukiweza kusindikiza wimbo mpya wa kordi tatu kwa mkono wa kushoto peke yake, besi tu, ukibadilisha kwa wakati.

## Hatua ya 6: Mwimbaji ameanza, hujui ufunguo

Sasa tumefika pale ulipokuwa ukikwama. Fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Ondoa mikono. Msikilize mstari wa kwanza wote. Hakuna atakayekulaumu kwa kuchelewa mstari mmoja. Wote watasikia ukiingia vibaya.
2. Vuma Do kimoyomoyo, kama ulivyofanya hatua ya 2.
3. Shusha sauti ya kinanda karibu kuizima kabisa, ubonyeze kibonye kimoja cha chini, chochote. Jiulize: Do yangu iko juu ya hiki au chini?
4. Sogea nusu sauti moja moja kuelekea huko, vyeusi vikiwemo, mpaka mvumo na kibonye vilingane. Kwa mazoezi, safari hii hufupika.
5. Ingia na besi ya Do peke yake, mstari unapoanza upya au pale kordi ya 1 inaporudi. Ikikaa vizuri, ongeza kordi. Pandisha sauti ya kinanda taratibu.

Aliyeanzisha wimbo bila ala anaweza kuwa katikati ya A flati na A. Chagua iliyo karibu naye zaidi. Ikiwa yuko katikati kabisa, mimi huchagua ya chini, kwa sababu sauti za juu za kiitikio bado zinamsubiri. Ingia kwa utulivu wakati anavuta pumzi, naye atakuja kwako bila kujua.

Kuhusu transpozi. Kwa dharura itumie, ibada au sherehe isiharibike. Lakini ukiitegemea, vidole vinabonyeza C huku masikio yakisikia E flati, na kila kitu ulichojenga hatua ya 3 kinachanganyika. Siku utakayokalia piano ya nyuzi, isiyo na kitufe hicho, utarudi mwanzo. Ukianza ufunguo mgumu, bora upige besi tu kwa wimbo mzima kuliko kubonyeza transpozi.

Zoezi. Mwombe rafiki aanze pambio lolote kutoka kwenye ufunguo wowote, mara tano mfululizo, bila wewe kuupiga wimbo wenyewe. Kazi yako ni kupata Do tu. Ukikosa rafiki, fungua redio.

Utajua umefaulu ukiingia kabla ya mwisho wa ubeti wa kwanza, na besi yako ya kwanza ikawa sahihi.

## Mapigo

Haya huja kwa haraka zaidi, hasa kwa aliyekulia kwenye ngoma. Kabla ya kupiga wimbo wowote, piga makofi kwenye pigo zito na uhesabu mpaka lingine. Yakigawanyika kwa mbili au nne, au kwa tatu, utajua mara moja. Kuwa makini na chakacha na nyimbo za aina yake za 6/8, ambapo mapigo mawili makubwa kila moja limegawanyika vitatu. Ukihesabu 3/4 hapo, mkono wa kushoto utaburuza wimbo.

Kama unajiandaa kwa mitihani ya Practical Grades ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, inayofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, mazoezi haya ndiyo sehemu ya kusikiliza. Mtihani una alama 150, na kusikiliza kuna 18. Gredi ya 1 utaombwa kupiga makofi kwenye mapigo, kurudia kwa kuimba vipande vifupi, na kutambua palipobadilishwa. Hatua ya 1 na ya 4 zinakutosha kwa kiasi kikubwa. Usiache kuimba kwa kuona haya. Mtahini hatafuti sauti nzuri, anatafuta sauti sahihi.

## Ukikwama

Umekwama hatua ya 3 kwa wiki kadhaa. Punguza vikaratasi viwe viwili, do na ti au do na fa, mpaka visichanganyike kamwe. Wanaochanganya mara nyingi huchanganya mi na so, au re na fa. Tenga hizo mbili tu kwa siku chache.

Unazipata nyumbani, unazikosa mbele ya watu. Hatua ya 6 ifanye mahali penye kelele: redio ya jirani, watoto, jikoni. Sikio lililozoezwa kimya pekee hutafuta kimya.

Unaimba vizuri lakini vidole vinachelewa. Tatizo ni skeli, si sikio. Piga skeli za funguo zile saba huku ukitaja solfa, si herufi.

Wimbo ni wa taarabu na Mi haipatikani. Hapa usijilaumu. Katika maqamu (skeli ya muziki wa Kiarabu) ya Rast inayoanzia C, sauti ya tatu iko katikati ya E flati na E, na ya saba katikati ya B flati na B. Piano ya kawaida haina sauti hizo kabisa, kwa hiyo ukizitafuta utazunguka usiku kucha. Baadhi ya vinanda vya umeme vina sehemu ya kubadili tuning ya sauti moja moja: shusha E senti 50 (nusu ya nusu sauti), kisha B senti 50, na uache nyingine. Zivume kwanza kutoka kwa mwimbaji, kama ulivyofanya hatua ya 1, kisha bonyeza, na uhakikishe hakuna mtikisiko.